Mutoto Anayeangalia Tu

Goma, kuartie Mapendo

Mama yangu mupenzi,

Goti lako linasemaje? Bado linakukataza kupanda kilima cha kwenda misa ya asubuhi, ama limekubali kidogo? Na maharagi ya shamba la nyuma, muliyavuna kabla ya mvua, ama mvua iliwatangulia? Sisi huku tuko wazima. Baba Yosua ni muzima, Yosua na mudogo wake wanakula kama nzige. Kasereka, wewe unayemusomea mama, soma polepole, na usiruke pahali, hata pale utakapoona dada yako anajiumbua.

Barua hii ninaiweka mukononi mwa papa mumoja muchuuzi wa viatu. Njia yetu ya katikati imefungwa, basi anapitia Bunagana, anaingia Uganda, anatokea Kasindi, anapita Beni, ndipo anawafikia Butembo. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu unasikia nusu, na nusu ingine unajijazia mwenyewe. Na habari hii, Mama, watu wengi wamekwisha kuijazia.

Ninajua mama mudogo Kavira alikuambia nini alipotoka kwangu. Alikuambia: "Masika ameweka ndoki, mutoto mulozi, ndani ya nyumba, pamoja na wale wajukuu wako." Na wewe ukanitumia neno kwa mudomo wa watu, kwamba nimutoe huyo mutoto kabla hatujalia. Sikukujibu haraka. Usifikiri ni kiburi. Nilitaka nikuambie yote toka mwanzo, na mwanzo wenyewe unaniaibisha.

Unajua kazi yetu. Baba Yosua alijenga sinema yetu na mbao na bashe ya turubai, kuna viti virefu, televizyo kubwa na bafle mbili za kutoa sauti. Yeye anashugulikia mashini, mimi ninashika mikro. Filme inasema Kifaransa, mimi ninaigeuza Kiswahili palepale, muzee ninamupa sauti ya muzee, polisi sauti ya polisi, mwanamuke mwenye kulia ninalia naye. Ule mudomo wangu uliokuwa unakuchokesha nikiwa mudogo, Mungu aliupatia kazi.

Zamani watu walipenda filme za kupigana. Halafu ukaingia mutindo wa filme za kuogopesha, na ndani yake ni watoto. Sijui wazungu waliona nini kwa watoto wao. Kila filme utaona mutoto muzuri, nywele zimechanwa, nguo safi, kumbe yeye ndiye shetani wa nyumba. Watu walizipenda hizo kuliko zote. Filme ya mutu mukubwa mwenye panga, watu wanacheka. Lakini weka mutoto mudogo anasimama peke yake mwisho wa koridori, utaona baba mwenye ndevu anainua miguu juu ya kiti.

Kulikuwa na moja iliyojaza sinema yetu kuliko zingine. Familia inahamia kwenye nyumba kubwa ya porini, na wako na binti wa miaka saba hivi. Binti anakaa kimya. Anaangalia mutu, na yule aliyemuangalia, kesho yake anakufa. Ndiyo filme yote. Kwa Kifaransa mutoto huyo hasemi kitu karibu filme nzima. Mimi nikaona ni hasara kumuacha bure. Nikamutungia neno langu mwenyewe. Nikalisema polepole, kwa sauti nyembamba ya puani: "Ninakuona… ninakuona… kesho hauko."

Mama, watu walipiga kelele mpaka jirani wakaja kuuliza. Baba Yosua alinishika bega, akaniambia, "Hapo umewamaliza." Nilifurahi sana. Juma haikuisha, watoto wa kuartie wote walikuwa wanakimbizana njiani wakiimba, "Ninakuona, ninakuona, kesho hauko." Hata Yosua wetu. Mimi ninapita kutoka soko na kitunguu changu, ninajisikia mutu mukubwa.

Sasa, nyuma ya nyumba yetu anakaa Mama Furaha, mwanamuke anayeuza maharagi ya kupikwa. Alipitisha muda murefu kambini Mugunga, kwa watu waliokimbia vita, na alipotoka huko alirudi na mutoto asiyekuwa wake, musichana wa miaka nane ama tisa, jina lake Riziki. Bibi ya mutoto alikuwa jirani yake kambini, akafia pale, na Mama Furaha hakuweza kumuacha mutoto peke yake. Ujue hilo kwanza, ili usimuhukumu vibaya kwa yanayofuata.

Riziki alikuwa hacheki, hachezi. Anakuangalia usoni, hapepesi. Akiongea, ni neno moja, kwa sauti nzito ya chini kama ya mutu muzima. Na alikuwa na desturi ya kusimama kwenye ukuta wa mbao na kuweka paji la uso pale, kimya, kwa muda murefu. Siku moja kwenye robine ya maji, watoto wakamuona anasimama na bidoni yake anawaangalia. Mumoja akapiga kelele: "Ni mutoto wa filme!" Wote wakatupa bidoni zao na kukimbia, wakiimba lile neno langu. Nilikuwa pale, Mama. Nilicheka.

Siku chache baada ya pale, mutoto mudogo wa Mama Furaha, yule anayenyonya, akashikwa na homa. Ilikuwa muchana, ninatoka kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, nikakuta watu wengi kwenye uwanja wake. Kati yao kuna mama mumoja wa chumba cha maombi, amefunga kitambaa cheupe. Riziki wamemusukuma kwenye kona, nyuma ya masufuria, na anaangalia midomo ya watu, huyu, halafu huyu.

"Amefanya nini?" nikauliza.

"Anaangalia," Mama Furaha akajibu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Anaangalia nini?"

"Anaangalia tu, Masika. Ukisema, anakuangalia mudomoni mpaka unamaliza. Ukinyamaza, bado anaangalia. Ukimwita, anajifanya hasikii. Na pale kwenye ukuta anaongeaga na nani? Mutoto wangu ana moto siku ya tatu sasa, na ni yeye alikuwa anamubeba."

Mama wa kitambaa akasema, "Tutamupeleka kwenye maombi. Atafungiwa siku tatu, hakuna chakula, hakuna maji, mpaka ataje mwenyewe aliyemupa ulozi."

"Na mutoto mugonjwa, mumemufikisha santre ya afya?"

"Kwanza tutoe kinachomukula."

Nikasema, "Mama, kweli utafunga mutoto wa watu siku tatu sababu ya macho yake?"

Akanigeukia. Hakukasirika, Mama. Aliongea kama mutu anayeshangaa. "Ni wewe unatuuliza hivyo? Si wewe ulitufundisha? Kila siku uko kwenye mikro, ninakuona, ninakuona. Sasa sisi tumemuona, unatuambia hapana?"

Watu wote walikuwa wananiangalia, na mufuko wa sambaza unatoa maji kwenye muguu wangu.

Sikumuchukua Riziki sababu ya wema. Nilimuchukua sababu ya aibu. Niliingia pale nyuma ya masufuria, nikamushika mukono, nikasema, "Kama ni kulogwa, nitalogwa mimi." Halafu nikamwambia Mama Furaha, "Funga mutoto mugongoni, uende santre sasa hivi. Baba Yosua atakupeleka na pikipiki yake." Na kwa sababu alikuwa mama kabla ya kuwa mutu wa kuogopa, alienda. Wakamupima mutoto, ikaonekana malaria, wakamupa dawa. Siku ya pili yake homa ilianza kushuka. Lakini watu wengine walisema ilishuka sababu ndoki alihama.

Alihamia kwetu. Na sasa ninataka nikuambie ukweli, usije ukafikiri binti yako ni shujaa. Niliogopa. Ninakata majani ya sombe, ninasikia macho yake kwenye shingo yangu, kisu kinaanguka. Yosua alihamisha sahani yake, akaenda kula mulangoni, muguu mumoja nje. Baba Yosua hakunigombeza, lakini aliniambia, "Masika, watu hawatakuja tena." Na kweli, viti vilibaki na nafasi. Mama mudogo Kavira alitukuta katika siku hizo. Alikunywa chai akiwa amesimama, akaondoka. Simulaumu. Kama ningekuwa mugeni, hata mimi ningekunywa nikisimama.

Siku ya tano, muchana, tuko wote ndani ya sinema. Mimi na Riziki tunachambua mchele kwenye ungo, yeye amegeuzia bafle mugongo. Baba Yosua alikuwa amebadilisha waya, anataka kujaribu. Hakutuambia. Akawasha muziki kwa nguvu yote.

Mimi niliruka, ungo ukapinduka. Yosua alikimbia mpaka nje. Riziki hakugeuka. Hakushituka hata kope. Alikuwa anaangalia mchele uliomwagika, kama anayejiuliza kwa nini nimeutupa. Halafu akaweka kiganja chini, kwenye mbao za sakafu. Akakaa hivyo kidogo. Akasimama, akafuata mbao mpaka kwenye bafle, akaiwekea paji la uso, kama alivyokuwa anaweka kwenye ukuta. Na akatabasamu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona meno yake.

Baba Yosua akazima. Riziki akafungua macho. Baba Yosua akawasha, Riziki akacheka.

"Masika," baba Yosua akasema, "mutoto huyu hasikii."

Nikaenda nyuma yake, nikamwita, "Riziki!" Nikaita tena kwa ile sauti yangu ya mikro. Hakuna. Basi nikazunguka, nikasimama mbele yake, nikasema jina lake bila kutoa sauti hata kidogo, midomo tu.

Akajibu, "Ndiyo."

Mama, nilikaa chini juu ya mchele, nikalia. Siku zote hizo alikuwa anaangalia midomo yetu ili atusikie. Na ule ukuta, alikuwa anaweka uso pale ili apate kidogo cha muziki wa jirani, ama mashini ya kusaga, ama miguu ya watu wanaopita, sijui. Kitu ambacho sisi tunakipata bure.

Tulimupeleka santre. Muganga wa kike aliangalia ndani ya masikio na taa yake, akasema kuna kovu za zamani, sikio la kushoto limekufa, la kuume limebaki na kidogo sana. Akamuuliza, akitamka polepole, "Nini kilikuumiza?" Riziki akaweka mikono miwili pamoja, akaifungua ghafla. "Bombe," akasema. Ilikuwa kwao, milimani, upande wa Masisi, kabla hawajakimbilia kambini. Hakuna mutu aliyekuwa amemuuliza.

Nilipotoka pale nilijua nina deni la kulipa kwa mudomo wangu. Kwenda nyumba kwa nyumba kueleza hakutoshi. Ningesema na mumoja, na kumi wangebaki na filme yao kichwani. Basi Siku ya Mungu, watu wametoka misa, baba Yosua akatangaza ileile filme ya "ninakuona", na kwamba siku hiyo kila mutu wa avenue anaingia bure. Wakajaa mpaka mulangoni. Hata wale waliokuwa wametukimbia walirudi. Mama Furaha alikaa mbele, mutoto amelala mugongoni mwake. Na mama wa kitambaa alikuja vilevile, akasimama nyuma.

Nilianza kama kawaida. Familia inafika, mulango unalia, ninawapa sauti zao zote. Watu wakaanza kushikana. Tulipofika pale wanapopapenda zaidi, mutoto anatokea mwisho wa koridori na kila mutu anangoja neno langu, niliweka mikro chini. Baba Yosua akakata sauti ya bafle.

Kimya. Kwenye ekrani mutoto anasimama, anaangalia. Pahali pa muziki ule wa kuogopesha, hakuna kitu. Anasimama tu. Anageuza kichwa kidogo. Mama yake anafungua mudomo mukubwa, anakimbia, na hujui anakimbia nini.

Watu wakaguna, "Sauti! Leta sauti!" Nikakataa. Wakaendelea kuangalia. Halafu, katikati ya ile kimya, muzee mumoja anayeshonaga viatu kwenye kona yetu akasema kwa sauti ya kawaida, "Lakini mutoto huyo anataka nini? Si wamusemeshe."

Mutu akacheka. Mwingine akacheka. Mwisho sinema yote ikacheka, hata Yosua wangu, mutoto wa filme anaendelea kusimama pale na nywele zake, na hakuna anayemuogopa.

Ndipo nikasimama mbele ya ekrani. Sikuchukua mikro. Nikawaambia, "Hivi ndivyo Riziki anavyotuona sisi. Kila siku. Midomo inafunguka, watu wanakimbia, na yeye hajui kwa nini. Hasikii. Bombe ilimukata masikio. Lile neno la 'ninakuona', halimo ndani ya filme. Mutoto yule hakulisema kamwe. Nililitunga mimi ili mufurahi. Mulimuogopa mutoto wa watu kwa uongo wangu, na mimi ndiye ninaomba musamaha."

Mama Furaha alisimama. Nilifikiri anatoka. Akaenda mpaka pale Riziki alikuwa, karibu na bafle, akapiga magoti ili nyuso zao ziwe sawa, akasema kitu. Sikukisikia, alikisema na midomo tu, na hakikuwa changu. Halafu akafungua kitambaa, akamutoa mutoto mugongoni, akamuweka mukononi mwa Riziki.

Mama wa kitambaa cheupe, mpaka leo akituona anavuka njia. Na wako wengine wawili watatu wanaosema nimefunikwa macho. Sikufichi. Lakini chumba cha maombi hakijataka tena kumufungia mutoto wa kwetu, na kwenye robine watoto wanamugusa Riziki bega zamu yake ikifika, ili ajue.

Niliongea na Mama Furaha juu ya nani atamulea. Yeye ana watoto wanne na chumba kimoja. Tulipatana akae kwetu, na kule kwake aende akitaka, na anataka kila siku sababu ya yule mutoto mudogo. Jina lake tumelipeleka pia kwa watu wanaotafuta ndugu waliopotezana. Kama mama yake muzazi yuko hai na atatokea, nitamurudisha kwa mikono miwili, na machozi yangu yatakuwa ya kwangu. Wakati tunangoja, anaenda masomo kwenye ekole ya watoto wasiosikia. Anarudi na vidole vyake vinaongea, na Yosua amejifunza upesi kuliko sisi wote. Sasa wanagombana mezani kwa vidole, bugali inapoa, na siwezi hata kuwaambia wapunguze kelele.

Filme za kuogopesha bado tunaonyesha. Watu wanazitaka, na mimi, nikuambie nini, ninazipenda. Lakini watoto wa filme siwapi tena neno wasilokuwa nalo. Riziki ninamukataza kuingia, na anaingia. Anakaa chini, kiganja juu ya bafle, na haangalii ekrani hata kidogo. Anageukia watu. Wakiinua miguu, wakifunika macho, wakirukia jirani, yeye anacheka mpaka analala chini. Filme yake ni sisi.

Sinema imejaa tena, Mama. Nyumba vilevile. Kuna asubuhi ninaamka, ninasikia baba Yosua anapiga msumari, watoto wanatafuta viatu, na ninajikuta ninaimba.

Kwa hiyo neno lako sikulifuata, na ninakuomba unisamehe kwa hilo moja. Hakuna kilio hapa.

Musalimie papa yetu, mwambie ule mwavuli aliousahau kwetu bado tuko nao. Musalimie bibi mukongwe wa nyumba ya juu, na dada yangu mukubwa pamoja na bwana yake mwalimu, na baba mudogo wa Beni akipita. Na mama mudogo Kavira, mwambie chai yake inamungoja, na safari hii kuna kiti.

Wewe mwenyewe, njia ikifunguka, uje. Ukifika, Riziki atakuwa mulangoni, na atakuangalia usoni bila kupepesa. Usishituke, na usimupigie kelele. Simama pale kwenye mwanga, mbele yake, utoe kitambaa cha vumbi mudomoni, na umwambie polepole wewe ni nani.

Ni mimi, mutoto wako,

Masika